Trela Dogo Nyuma ya Gari la Nyumbani



Ukisimama Ruiru asubuhi na mapema, kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Nairobi, utaona magari madogo ya nyumbani yakivuta matrela ya magurudumu mawili. Moja limebeba kabichi, jingine mchele wa Mwea, jingine mikebe ya maziwa, na jingine mabati ya mtu anayejenga. Ndani ya gari wamekaa baba na mama, na mara nyingi watoto wanaopelekwa shuleni njiani. Jambo hili ni zuri, wala hatuandiki ukurasa huu ili kulikataza. Tunataka kusema neno moja tu, nalo ni hili: wakulima wengi hupima mzigo wa trela kwa nguvu za injini, hali inafaa upimwe kwa nguvu za breki. Kuvuta ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kusimama.

Tuanze na faida, maana faida zipo. Mashamba ya skimu yalipogawanywa, hasa tangu mwaka 1962 katika mpango wa ekari milioni moja, mkulima wa kawaida alitegemea mkokoteni wa punda au wa maksai. Kwa safari ya mbali alingoja lori la mtu mwingine, na mwenye lori ndiye aliyepanga siku, saa na nauli. Hata leo mkulima wa Mwea mwenye magunia machache ya mchele, au wa Kinangop mwenye kabichi zilizokwisha kukomaa, huweza kujikuta mikononi mwa dalali kwa sababu ya usafiri tu. Kabichi haingoji. Maziwa hayangoji. Mwenye gari la nyumbani na trela dogo hujipangia mwenyewe siku ya kwenda sokoni, na akirudi huleta mbolea, chakula cha ng'ombe na mbegu. Siku ya Jumapili hulifungua trela na kuliacha nyumbani, na gari hubaki safi la kwenda kanisani pamoja na jamaa. Hivyo gari moja hufanya kazi mbili.

Tena ni afadhali trela kuliko desturi ya kulijaza gari lenyewe. Tumeona gari la watu watano likiwa na magunia mpaka darini, mtoto amebanwa katikati ya viazi, na springi za nyuma zimelala chini hata taa za mbele zinamulika juu ya miti. Gari la namna hiyo halioni nyuma, wala halipindi kona vizuri. Ajali ikitokea, magunia humrukia mtu shingoni. Mzigo ukiwekwa katika trela, watu hukaa peke yao na mali hukaa peke yake. Ndivyo inavyopasa.

Lakini trela lina tabia zake, na asiyezijua atapata hasara iliyo kubwa kuliko bei ya kabichi.

PUNDA ANALIJUA JAMBO HILI

Mtu aliyewahi kuendesha mkokoteni wa punda hahitaji kufundishwa sana. Anajua kwamba mahali tambarare punda mwenye afya atavuta mzigo mkubwa bila kulalamika. Akipanda kilima atapunguza mwendo, na akishindwa atasimama, basi. Shida huja wakati wa kushuka. Hapo mkokoteni ndio unaomsukuma punda kutoka nyuma. Miguu yake huteleza, na mwenyewe hukimbilia nyuma kuushika mkokoteni kwa mikono. Mwendeshaji mwenye akili hakuuliza, "Je, punda wangu ataweza kuvuta?" Aliuliza, "Je, tukifika kwenye mteremko, ataweza kuuzuia?"

Gari nalo ni vilevile. Matrela mengi madogo tunayoyaona hayana breki zake yenyewe. Breki za gari ndizo zinazosimamisha gari, watu waliomo, trela na mzigo wote. Mtengenezaji wa gari alipozipima breki hizo, alifikiria gari na abiria wake; hakuifikiria nusu tani ya viazi inayosukuma kutoka nyuma. Dereva akikanyaga breki kwa ghafula, gari hutaka kusimama na trela hutaka kuendelea. Kama mzigo ni mdogo, gari litashinda. Kama mzigo ni mkubwa, trela litashinda: litaisukuma nyuma ya gari upande mmoja, na gari na trela vitakunjana kama kisu cha mfukoni.

Mwendo nao huongeza taabu kuliko watu wanavyodhani. Uzito ukiwa mara mbili, kazi ya breki huwa mara mbili. Lakini mwendo ukiwa mara mbili, kazi hiyo huwa mara nne. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu za kuzimwa zaidi ya mara mbili na nusu ya lile linalokwenda kilomita 50, ingawa mzigo ni uleule. Kwa kilomita 80, gari hupita karibu mita 22 katika sekunde moja, yaani kabla dereva hajakaza mguu wake juu ya breki amekwisha pita urefu wa nyumba mbili au tatu. Nguvu hizo zote hugeuka kuwa joto katika breki. Breki zikipata joto kupita kiasi hulegea, na dereva hukanyaga asione mabadiliko.

Sasa fikirini njia zetu. Barabara kuu ya Thika iliyomalizika mwaka 2012 ni pana na laini, na kwa hiyo humfanya mtu asahau kwamba anavuta kitu. Magari huingia kutoka kila upande, matatu husimama ghafula kupakia watu, na katika makutano ya Kamakis yako malori yanayotoka Eastern Bypass. Ukiiacha barabara hiyo pale Ruiru na kushika njia ya Kiambu, unaanza kupanda migongo na kushuka kwenye mabonde ya mito, mmoja baada ya mwingine. Upande wa mashariki kuna udongo mweusi unaonata na kuteleza wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Hizi ni njia tatu za namna tatu, na zote ziko karibu na mji mmoja. Trela lililokwenda vizuri katika ya kwanza linaweza kukuangusha katika ya pili.

HESABU YA MAGUNIA

Basi mzigo upimweje? Jambo la kwanza ni kusoma kitabu cha gari lako. Magari mengine yameandikiwa uzito yanaoruhusiwa kuvuta, na uzito wa trela lenye breki na lisilo na breki huandikwa mbalimbali. Magari mengi tunayonunua hapa yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na vitabu vyake ama havipo ama vimeandikwa Kijapani. Usikisie. Mwulize wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Akikuambia kwamba gari hilo halikukusudiwa kuvuta, mwamini.

Angalia pia gia. Magari mengi ya siku hizi yana gia zinazojibadilisha zenyewe, na zile za mkanda ndani yake hazipendi mzigo mzito. Mafuta ya gia hupata moto kilimani, na mwenye gari hulipa gharama ya gia mpya kwa ajili ya safari chache za kabichi.

Kuna kanuni nyepesi inayotumika Uingereza, na ingawa si sheria ya kwetu, mwenye busara aweza kuifuata. Trela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta, wala lisizidi kilo 750 kwa vyovyote. Tuchukue mfano wa gari tunalolijua wote, Toyota Probox. Gari hili likiwa tupu lina uzito wa tani moja na kidogo. Nusu yake ni karibu kilo 500. Trela dogo la chuma likiwa tupu laweza kuwa na kilo 180. Ukitoa kilo 180 katika kilo 500, zinabaki kilo 320. Hayo ni magunia sita ya kilo 50, na kilo 20 za akiba. Magunia sita! Mkulima mwingine atacheka, maana amezoea kuona matrela yenye magunia kumi na mawili. Lakini hesabu haichekeki. Na ikiwa kitabu cha gari kinataja uzito mdogo kuliko huo, fuata kitabu.

Maziwa nayo yana hesabu yake. Lita moja ya maziwa ina uzito uliozidi kilo moja kidogo. Mkebe wa lita 50, pamoja na chombo chenyewe, hukaribia kilo 60. Mikebe mitano ni kilo 300, nayo yatosha. Usivute tangi la maji la lita 1,000 kwa gari la nyumbani. Maji hayo ni tani nzima, tena tangi lisipojaa maji huenda mbele na nyuma na kulivuta gari huku na huku. Ng'ombe mkubwa wa maziwa, wa aina ya Friesian, aweza kuzidi kilo 500, tena husogea anavyotaka. Mpelekeeni daktari wa mifugo nyumbani, au kodini lori.

LUMBESA NI ADUI MARA MBILI

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo linalotusikitisha. Kila mkulima wa viazi anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa likashonewa kofia juu yake. Anajua kwamba dalali hununua lumbesa kwa bei ya gunia, na kilo zilizozidi ni zawadi ya bure. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema kifurushi cha viazi kisizidi kilo 50. Hata hivyo lumbesa haijaisha mashambani.

Watu wamezungumza sana juu ya hasara ya lumbesa sokoni. Sisi tunataka kutaja hasara yake barabarani. Gunia la lumbesa halina uzito unaojulikana. Lipo lenye kilo 110, na lipo linalofika kilo 150 na zaidi. Mtu akipakia sita, atasema, "Nimebeba magunia sita tu," naye anasema kweli. Lakini magunia sita ya kilo 150 ni kilo 900, na ukiongeza trela lenyewe inakuwa kilo 1,080. Sasa trela ni zito kama gari, au limelipita. Mkulima huyo hajui, kwa sababu hesabu yake ni ya magunia na breki hazihesabu magunia.

Hivyo lumbesa hukuibia mara mbili: mara ya kwanza hukuibia viazi, na mara ya pili hukuibia breki zako.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna watu wanaoiheshimu mizani kama wakulima. Mkulima wa kahawa akipeleka matunda kiwandani husimama mbele ya mizani akiutazama mshale, na kilo moja ikipungua atagombana na karani mpaka jioni. Mkulima wa maziwa naye hakubali kupunjwa hata nusu lita. Lakini mkulima huyohuyo, akipakia trela litakalokwenda nyuma ya watoto wake, hupima kwa macho. Tunasema, mizani ile iliyoko katika kiwanda au ghala ya ushirika itumike. Pima gunia moja, pima mkebe mmoja, andika, ubandike karatasi hiyo ubavuni mwa trela: "Mwisho magunia sita." Kijana wa kupakia ataisoma hata siku ambayo mwenyewe hupo.

MZIGO UKAE WAPI

Kwa habari ya kupanga mzigo, turudi tena kwa punda. Ukiweka mzigo wote nyuma ya mkokoteni, mikono yake huinuka na kumwinua punda kwa ukanda wa tumbo. Ukiuweka wote mbele, humlemea mgongoni. Mwendeshaji mzuri hupanga mzigo juu ya ekseli, ila mbele pazidi nyuma kidogo, ili mikono iegemee mgongo wa punda kwa wepesi.

Trela hutaka vivyo hivyo. Mkono wa trela unapaswa kuegemea gari kwa uzito kama wa sehemu 5 hadi 10 katika kila sehemu 100 za uzito wote. Kwa trela la kilo 500, hizo ni kilo 25 hadi 50. Ni rahisi kupima: weka mizani chini ya mkono wa trela likiwa limesimama sawa juu ya ardhi tambarare, usome. Pungufu ya hapo, trela litaanza kutikisika kama mkia wa mbwa mara gari likizidisha mwendo. Zaidi ya hapo, nyuma ya gari italala, magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi, na usukani utalegea.

Vitu vizito viwekwe chini na katikati. Vyepesi viwe juu. Vyote vifungwe kwa kamba imara, na mboga zifunikwe kwa turubai. Wala mtu yeyote asipande katika trela: si mchumaji wa kahawa, si kijana wa kushikilia magunia, wala mtoto. Trela halina kiti, halina mkanda, na likipinduka humlalia aliyemo. Tunajua kwamba wakati wa kuchuma watu huwa wengi na nafasi huwa chache. Heri wafike kwa safari mbili.

BARABARANI

Kabla ya kuondoka, zunguka gari na trela lako kwa miguu. Tazama kama kikombe cha trela kimekaa vizuri juu ya tufe la chuma na kufuli lake limeshika. Tazama minyororo miwili ya usalama. Ipite chini ya mkono wa trela ikiwa imepishana, ili mkono ukichomoka udakwe usichimbe lami. Washa taa za nyuma, taa za breki na indiketa, na umwombe mwenzako azitazame. Pima upepo wa tairi, ukiwemo ule wa trela, maana tairi za trela husahauliwa mpaka zipasuke. Shika vifuniko vya magurudumu kwa mkono baada ya kilomita chache. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, beringi inaomba grisi.

Njiani, acha nafasi mbele yako mara mbili ya ile uliyoizoea. Mwenye matatu ataingia katika nafasi hiyo. Mwache aingie, nawe uachie nyingine. Kabla ya mteremko, punguza mwendo juu kilimani na kutia gia ndogo, ili injini isaidie kuzuia. Ukingoja mpaka katikati ya mteremko umekwisha chelewa. Trela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usigeuze usukani huku na huku. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, na uliache gari lipungue lenyewe. Kisha simama mahali pazuri na uupange mzigo upya, kwa sababu trela lililoyumba mara moja litayumba tena.

Kurudi nyuma huwashinda wengi. Shika usukani kwa chini: ukitaka trela liende kulia, peleka mkono kulia, ukitaka liende kushoto, peleka mkono kushoto. Nenda polepole. Jizoeze uwanjani kwako, trela likiwa tupu, kabla ya kujaribu katika soko lililojaa watu.

FUNDI, NAMBARI NA BIMA

Chuma hakitupungukii, maana hata hapa Ruiru kipo kiwanda cha chuma cha Devki. Na Thika kipo kiwanda cha kuunganisha magari, ambako magari ya Volkswagen yalianza tena kuunganishwa mwaka 2016. Mafundi wa jua kali nao wana mikono ya kazi, na wengi wanaweza kuunda trela zuri wakielezwa. Kosa liko kwa mteja anayesema, "Nifanyie la bei rahisi." Fundi atatii. Atatafuta ekseli ya gari lililokufa, atachomelea mkono mwembamba, na tufe litafungwa kwenye bampa ya bati. Chuma cha kuvutia kinapasa kufungwa kwa bolti kwenye mifupa ya gari. Bampa iliwekwa kuzuia mgongano mdogo, haikuwekwa kuvuta kilo 500.

Trela nalo, katika Kenya, huandikishwa na kupewa nambari yake, na nambari hiyo huanza na herufi Z. Wako wanaoliona jambo hili kuwa usumbufu tu wa Serikali. Lakini trela lisilo na nambari halina mwenyewe likiibwa, na likiumiza mtu mwenyewe atatafutwa kwa njia nyingine. Waulize watu wa bima kama hati ya gari lako inalihusu trela, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Jua hilo leo, usije ukalijua mbele ya hakimu.

WANAOPINGA

Wako watakaosema, "Nimevuta magunia kumi na mawili miaka mingi, na sijapata ajali." Tunamwamini. Huyo amekwenda miaka mingi bila kulazimika kusimama ghafula. Siku mtoto atakaporuka barabarani kufuata mpira wake, miaka hiyo haitamsaidia kukanyaga breki. Katika mwaka 2023 peke yake zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Wengi wa walioendesha magari hayo walikuwa wamefika salama siku zote zilizotangulia.

Wengine watasema, "Magunia sita hayalipi petroli." Hoja hii ni nzito zaidi, na inastahili jibu. Kutoka Mwea mpaka Nairobi ni kiasi cha kilomita 100. Kama magunia sita hayalipi safari hiyo, basi safari hiyo si kazi ya trela dogo. Ni kazi ya lori. Trela dogo ni la njia fupi na la mzigo wenye bei nzuri: maziwa kwenda kituo cha kupozea, mboga kwenda soko la karibu, mbegu na mbolea kurudi nyumbani. Kila chombo kina kazi yake. Jembe halipasui kuni, wala shoka halipalilii.

Na wengine watasema kwamba kununua trela zuri ni ghali kwa mtu anayelitumia mara chache. Hapo tunakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu ya shauri letu la mwisho.

TRELA LA JIRANI WENGI

Tunaona kwamba katika skimu nyingi yapo matrela mengi mabaya, wakati ambapo yangetosha machache mazuri. Wakulima wanane, kila mmoja na trela lake la ekseli kuukuu, hulitumia siku mbili kwa mwezi, na siku nyingine zote linakaa chini ya mti likipata kutu. Kwa nini wanane hao wasichange, au chama chao cha ushirika kisinunue, trela moja au mawili yaliyoundwa vizuri, yenye nambari, taa, minyororo na breki zake yenyewe?

Ziko breki ambazo hazihitaji ufundi mwingi. Gari likipunguza mwendo, trela husogea mbele kidogo juu ya mkono wake, na kule kusogea huvuta waya au fimbo ya chuma inayobana breki katika magurudumu ya trela. Kadiri trela linavyosukuma, ndivyo linavyojizuia. Breki hizi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa wanane. Ushirika ukiweka kitabu cha zamu, mizani mlangoni, na mtu mmoja wa kutia grisi na kukagua tairi kila mwezi, trela hilo litadumu. Kila gari litakalotumika lifungwe chuma cha kuvutia cha namna moja, ili kikombe kikae sawa juu ya tufe. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo huonekana kimeshika, kumbe hakikushika.

Twajua maneno yatakayosemwa: mali ya wengi haina mwangalizi. Lakini mizani ya kahawa ni mali ya wengi, na tangi la kupozea maziwa ni mali ya wengi, nazo zinaangaliwa, kwa sababu kila mmoja anajua atapata hasara zikiharibika. Trela la ushirika litaangaliwa kwa sababu hiyohiyo.

Ruiru ina sifa njema kwa wakulima. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa ndipo ilipotoka mwaka 1985 kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Wakulima wengi hawakuing'oa kahawa yao ya zamani kwa kusikia habari tu. Walitaka kwanza kuona shamba la mfano, kuhesabu miti na kupima mavuno. Huo ndio moyo tunaoutaka kwa jambo hili la trela. Usilichukue kwa sababu jirani analo, wala usilikatae kwa sababu jirani alianguka nalo. Lipime.

Basi, ndugu wakulima, kabla ya mavuno yajayo fanyeni mambo matatu. Pimeni gunia moja kwa mizani na mjue trela lenu linabeba mangapi. Tafuteni mteremko mdogo usio na magari, mkajaribu kusimama mkiwa na mzigo kamili, kwa mwendo wa polepole. Na katika mkutano ujao wa ushirika, mtu mmoja asimame aulize kama haifai kununua trela moja zuri kwa ajili ya wote. Mwenyekiti akiuliza kwa nini trela lazima liwe na breki, mwambieni akamwulize mwenye punda.